Laini ya Kupokea Tu

Juzi niliingia duka moja la simu mjini Kisumu. Msichana wa hapo akanivutia kiti, akanitandazia karatasi ya rangi nyingi yenye vifurushi vya kila namna: vya siku, vya wiki, vya mwezi, vya wanaoongea sana na vya wanaoandika tu. Akaniuliza kwa adabu, "Mathe, mahitaji yako ni gani?" Nilimtazama mpaka akadhani sikusikia. Kisha nikamuuliza, "Hii inapiga nje?" Akacheka. "Mathe, simu zote zinapiga." Mimi sikucheka. Mara ya kwanza swali lile la mahitaji kuulizwa katika familia yetu, alilijibu mtu ambaye hakuulizwa, na uchungu wake ninao mpaka leo. Sioni haya kusema kwamba ninao.

Kwetu ni Kisian, upande wa mlimani wa barabara ya kwenda Busia. Baba alifariki tukiwa wadogo. Kaka yangu, kifungua mimba, alisoma akapata kazi Nairobi, katika ofisi yenye zulia, na kwa muda mrefu zulia lile lilizungumzwa nyumbani kuliko kazi yenyewe. Mimi nilikuwa nimerudi kwa Mama kutoka kwenye ndoa isiyo na haja ya kusimuliwa, nauza nguo za mitumba sokoni Kibuye. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, wakati nguzo za simu zilipokuwa zimekwisha kupandwa kando ya barabara na nyaya zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa watu wengine.

Mama alikuwa na jina. Si jina la mali, kwa maana mali hatukuwa nayo, bali jina la mkono. Mtu hakupita kwetu bila kuonjeshwa kitu, hata kama ni nyoyo iliyobaki sufuriani, mahindi na maharagwe yaliyoanza kukauka. "Kutoa ni moyo, si utajiri," alipenda kusema, hata tukachoka kuisikia. Ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wanawake wengine walijivunia ng'ombe, wengine wana, yeye alijivunia kwamba hakuna aliyewahi kutoka mlangoni pake mikono mitupu.

Rafiki yake mkubwa alikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mama mwenzake wa kanisani. Kati ya boma lake na letu palikuwa na ua wa minyaa, na katika ua ule palikuwa na pengo ambalo hakuna aliyelikata. Lilitokana na miguu ya wale wawili, wakipitishiana chumvi, kaa la moto, kikapu cha dagaa wa omena, na umbeya. Walizoea kuitana wakiwa bado upande wa pili, kila mmoja akianza kujibu kabla hajajua ameulizwa nini.

Kaka yangu alipokuja likizo akatangaza kwamba atamwekea Mama simu, tulifurahi kama watoto. Siku ya kwenda mjini kuiomba, Mama alivaa viatu vya kanisa. Katika ofisi ya simu tulipanga foleni mpaka tukafika kwa karani, mtu mzima mpole mwenye sweta. Alimtazama Mama, hakumtazama kaka yangu, na kwa hilo nampa heshima mpaka leo.

"Mama, ziko aina tatu," alisema. "Iko laini ya kupiga Kenya yote. Iko ya kupiga hapa Kisumu na karibu karibu tu. Halafu iko ya kupokea tu, watu wanakupigia, lakini wewe hupigi. Sasa inategemea unahitaji nini. Utakuwa unapigia nani?"

Mama alifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba aliufungua, maana nilikuwa nimesimama ubavuni pake, na nilijua tangu asubuhi alikuwa amewaza watu wa kuwapigia: dada yake aliyeolewa Mombasa, kasisi, hospitali, na hata mtoto wake huyu huyu.

"Yeye hana mtu wa kupigia," kaka yangu akajibu. "Weka ya kupokea. Mimi ndio nitapiga."

Karani akasita. "Mama?"

"Nimesema ya kupokea," kaka yangu akasema, sasa kwa Kiingereza, ili mambo yaishe.

Mama akafunga mdomo wake. Njiani kurudi alisema simu ni simu, na mtoto aliyekumbuka mama yake si wa kuulizwa maswali. Mimi nilinyamaza kwa sababu sikuwa na cha kuchangia, na asiye na cha kuchangia nyumbani kwetu hana neno. Lakini moyoni nilisema: huyu hajamnunulia Mama simu, amejinunulia kengele ya kumwitia Mama.

Mafundi wa simu walichukua muda wao, kisha wakaja. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, ina kile kidude cha kuzungusha nambari kama simu zote za wakati ule. Hakuna ambaye angeitazama akajua kwamba kidude kile kilikuwa pambo. Mama aliifumia kitambaa cheupe kama vile vya makochi, akaiweka kwenye meza ndogo karibu na dirisha, mahali ilipoonekana hata na mtu aliyesimama nje.

Na kwa muda simu ile ilikuwa baraka, siwezi kuinyima haki yake. Vijana wa Kisian waliokuwa Nairobi na Mombasa waliipata nambari yetu, wakawa wanapiga. Mama alikuwa akikimbia, mama mtu mzima na mwili wake, kuwaita wazazi wao kutoka mashambani kabla mtoto hajapiga mara ya pili. Wakija kusubiri aliwapikia chai. Sebule yetu ilijaa watu wenye matope miguuni na macho kwenye kile chombo, na Mama alikuwa katikati yao akimimina, uso unang'aa. Vilivyopokelewa aligawa. Kwake simu ilikuwa sufuria nyingine tu.

Shida ilikuja na mwalimu mmoja wa shule ya pale jirani, aliyetaka kupiga Kakamega kuuliza habari ya uhamisho wake. Mama alimwambia, "Oh, pole mwalimu, leo simu iko na shida." Mwalimu akaenda zake. Akaja mwingine, naye akaambiwa iko na shida. Nilipoona uongo unageuka desturi nilimkabili.

"Mama, kwa nini usiwaambie ukweli? Sema haipigi nje. Si makosa yako."

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, na alipoanza hivyo nilijua nimeshindwa. "Nikisema haipigi, wataniuliza nani aliifunga. Nikisema ni mtoto wangu, watasema nini juu yake? Kwamba ana pesa ya kuweka simu, lakini anaogopa mama yake asiongee? Mzaliwa wa kwanza ndio mlango wa boma. Siwezi kuuvunja mlango wangu mwenyewe."

Nilimwambia mlango huo umefungiwa kwa nje. Hakupenda.

Basi siku kaka yangu alipopiga, nilichukua mkonga kabla ya Mama nikamwomba afungue laini, walau ya kupiga Kisumu. Akacheka kile kicheko chake cha ofisini. "Nikifungua, kijiji chote kitahamia hapo kupiga simu. Nani atalipa? Mkitaka kitu, ngojeni nipige, halafu mseme." Nikamwambia mtu hapangi siku ya kutaka kitu. Akasema ana mkutano, akaomba Mama, akaongea naye muda wa kumeza mate, akakata. Mama alishika mkonga sikioni baada ya hapo, akiitikia "ndiyo, ndiyo, baba," ili mimi nisijue kwamba amekatiwa. Nilijua.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nimekuwa nikizunguka.

Ilikuwa alasiri, mvua ile ya kwetu inayoshuka mlimani bila kubisha hodi. Binti wa jirani, yule rafiki wa Mama, alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, na uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi bila mtoto kuja. Mkunga wa pale alikuwa amesema hili limepita uwezo wake. Kulikuwa na hospitali ya misheni iliyokuwa na gari, na kila mtu alijua kwamba ukiwapigia wanakuja. Jirani akapita kwenye pengo la ua mbio, leso imelowa kichwani, akaingia sebuleni bila kuvua viatu.

"Mama, simu! Niitie hospitali, mtoto anakufa, yawa!"

Niliona uso wa Mama. Niliona akiitazama simu, akimtazama rafiki yake, na nikaona mkono wake umeenda ukakishika kile kitambaa cheupe. Nilitaka kusema mimi. Lakini alitangulia, na kilichomtoka kilikuwa kile alichokizoea.

"Imekufa na mvua. Imekufa tangu asubuhi, walahi. Twende tutafute gari barabarani, twende mimi na wewe."

Jirani hakungoja hata sentensi iishe. Aligeuka, akatoka mbio. Alikuwa amefika kwenye pengo la ua, mguu mmoja huku na mwingine kule, simu ilipolia.

Ililia kwa nguvu, dirisha likiwa wazi. Jirani akasimama kwenye mvua, akageuka, akamtazama Mama aliyekuwa mlangoni anavaa gumbuti. Alitazama tu, kisha akaenda zake, na Mama akamkimbilia akiliita jina lake, akianguka kwenye matope na kuinuka.

Mimi niliuchukua ule mkonga. Nilifikiri, huyu yeyote aliyepiga, Mungu amemtuma, atatuitia hospitali. Sauti ya mwanamke ikasema, "Shikilia, mkubwa anataka kuongea na nyumbani." Alikuwa katibu wa kaka yangu kule ofisini. Nikapiga kelele, nikamwambia usiende, sikiliza, piga hospitali, lakini alikuwa ameshauweka mkonga mezani, na kilichobaki ni mlio wa taipureta na watu wakicheka chumba cha pili. Nilipiga kelele kwenye matundu yale ya mkonga mpaka koo likaniuma. Kisha ikakatika. Sikupata kujua kama ni mvua iliyoikata au ni mkubwa aliyepata la kufanya.

Walimbeba binti kwa mkokoteni mpaka barabarani, wakapata lori lililokuwa linatoka Busia. Yeye aliokoka. Mtoto hakuokoka.

Wiki iliyofuata kaka yangu alipiga kuuliza kama ile mvua iliyotangazwa redioni ilifika kwetu. Mama alimwambia ilifika, na mahindi yamependeza. Alichokuwa akitaka kusema siku ile ya mvua, katibu wake alipopiga, sijui, ila hajawahi kukikumbuka.

Mama alikwenda kuwapa pole. Alibeba unga na kuku, akapita njia ya barabarani kwa sababu aliona haya kupita kwenye pengo. Kuku alirudishwa siku hiyo hiyo, miguu bado imefungwa. Kwetu, mtu akikataa chakula chako msibani amekwisha sema yote, na hakuna haja ya matusi juu yake. Nilimsihi Mama aende aseme ukweli, sasa hivi, kabla donda halijaoza. Alilia. Alisema kabla ya hapo kosa lilikuwa uchoyo, na sasa limekuwa kifo cha mtoto, na akimtaja mwanawe atakuwa amemtwika kifo. "Mimi nimezeeka," alisema. "Acha wanichukie mimi. Yeye bado ana safari."

Nilimchukia kaka yangu siku ile kwa chuki safi, isiyo na maji ndani yake. Na nilimkasirikia Mama pia, maana upendo wa namna hiyo ni kumlisha mtu mwenye kitambi huku jirani ana njaa.

Jirani alikata matawi ya minyaa akayapanda kwenye pengo. Minyaa haihitaji kubembelezwa, unaichomeka tu inaota. Hadithi ilikwenda mpaka Mamboleo, ng'ambo ya mji, na ikarudi ikiwa imenenepa: kwamba yule mama wa simu alimnyima mwenzake, kwamba alikuwa anasubiri simu ya mwanawe tajiri, hakutaka laini ishikwe. Kibuye, mwanamke aliyekuwa akichagua blauzi kwenye rundo langu alinisimulia hadithi hiyo bila kujua mimi ni nani, akamalizia kwa kusema, "Ile nyumba ni ya kupokea tu." Nilimpunguzia bei ili aondoke haraka.

Watu waliwaambia watoto wao wa Nairobi wasipige tena kwetu. Sebule ikatulia. Mama aliendelea kuchemsha chai nyingi kila alasiri kwa mazoea, na jioni aliimwaga chini ya migomba. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Alikuwa na jina moja tu duniani, na hilo nalo alilitoa, kama alivyotoa kila kitu. Kaka yangu aliendelea kupiga, kila alipokumbuka, akimuuliza kama anafurahia simu. Anafurahia, alisema. Mungu akubariki, baba.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni Mama alipofariki, kwa moyo, mchana, akichambua mboga. Niliteremka mpaka barabarani kutafuta simu ya kumpigia mwanawe. Ndiyo, nilikwenda kuomba simu kwa mtu mwingine.

Alikuja na gari zuri, suti nyeusi, na alilia, sikatai kwamba alilia. Msiba ulikuwa mkubwa. Hata waliomsema walikuja, kwa sababu kwetu hakuna anayekosa maziko, hasira au hakuna hasira. Jirani naye alikuja, akazunguka kwa lango la barabarani, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango pamoja na wanawake wa kanisa. Alipopelekewa sahani aliitikisia kichwa. Hakuwa amegusa chakula cha nyumba ile tangu mvua ile.

Katikati ya mchana kaka yangu akakumbuka ofisi. Aliingia sebuleni, akakitupa kile kitambaa pembeni, akashika mkonga, akazungusha nambari. Akasikiliza. Akazungusha tena. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi mle ndani wakanyamaza kumpisha aongee.

"Hii kitu ni nini?" akasema. Akazungusha mara nyingine kwa kidole kizito, akagonga kidude kile, akagonga tena. Jasho lilikuwa limemtoka. "Mbona haipigi? Nalipia hii kitu miaka yote hii, na siku nina shida haipigi! Nani aliwachagulia laini ya ujinga kama hii?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nimesimama na karai la viazi mikononi, na sikupandisha sauti, kwa sababu haikuhitajika.

"Wewe," nikamwambia. "Karani alimuuliza Mama anahitaji nini. Ukajibu wewe. Ukasema Mama hana mtu wa kupigia. Haijawahi kupiga nje hata siku moja, tangu iwekwe. Alikuwa anawadanganya watu kwamba imeharibika ili wasijue ni wewe."

Kaka yangu alibaki ameshika mkonga. Alinitazama kana kwamba nimemvua shati mbele za watu, na ndicho nilichofanya, na sijutii. Lakini sikuwa ninamtazama yeye. Jirani alikuwa ameinuka kwenye mkeka, ameshika mwimo wa mlango.

"Hata siku ile?" aliniuliza. "Siku ya mvua?"

"Hata siku ile, Mama. Ilikuwa inapokea tu."

Aliitazama simu, ile nyeusi, nzito, na kidude chake cha pambo. Kisha akatoka, akaenda mpaka kwenye jeneza chini ya hema, na pale akapiga nduru, ile sauti ya juu ambayo wanawake wa kwetu huipiga habari ya kifo inapofika mara ya kwanza. Waombolezaji wa mbali wakageuka wakidhani amekufa mtu mwingine. Alilia akimuuliza Mama, kwa jina lake, kwa nini hukuniambia, ungeniambia mimi, mimi ningekasirikia mtu mwingine.

Kaka yangu alirudi Nairobi baada ya maziko. Aliifunga laini mwezi uliofuata, akisema haina mtumiaji.

Jioni ile ya maziko, watu wakiwa wanatawanyika, jirani aliingia jikoni kwa Mama, akavuta kigoda, akaomba chakula. Nilimpakulia. Alikula ugali wa nyumba yetu polepole mpaka sahani ikaisha, na hakuwepo wa kumlazimisha aongeze mboga.